Jipu la Mheshimiwa Mavere

Haikuwa zamani, wala si kale, wala haikuwa hapa kwetu. Ilikuwa katika nchi moja ya mbali, ambayo unakwenda, unakwenda, na ukichoka unaulizia. Jina lake nimekatazwa kulitaja na mtu ambaye naye nimekatazwa kumtaja. Kwa hiyo msomaji akiona jambo linalofanana na la kwao, ajue ni bahati mbaya tu, na asimwambie jirani yake.

Katika nchi hiyo Bunge halikuwa na habari ya kuhesabu kura. Waliwahi kuhesabu hapo mwanzo, wakagombana, kwa sababu upande mmoja ulipata nyingi kuliko mwingine. Basi waasisi wakatunga Kanuni ya Meza. Spika alisoma muswada, akatulia, akatega sikio. Waliokubali waligonga meza zao kwa kiganja cha mkono wa kulia. Ikilia hata meza moja, muswada umepita. Zikinyamaza zote, muswada umekufa, na haufufuliwi mpaka kiama. Nasikia hicho kipengele cha kufa kiliwekwa kwa ajili ya urembo tu, maana tangu nchi ipate uhuru hakuna muswada uliowahi hata kuugua.

Mkono wa kushoto ulikuwa marufuku. Kuna mheshimiwa mmoja aliwahi kugonga kwa kushoto, wa kulia ukiwa umeshika sambusa. Ikaonekana amemtusi Mkuu wa Nchi. Tangu siku hiyo hata mkewe anasema hajawahi kuolewa.

Sasa, mbunge wa jimbo la Mbubujiko aliitwa Kitwana Mavere. Kabla ya kuwa Mheshimiwa alikuwa anauza mitumba gulioni, na hakuna aliyeweza kuipiga meza ya mitumba kama yeye. "Chagua! Chagua! Ya mama na ya mwana!" Meza ikilia, mpita njia anajikuta ameshika suruali asiyoihitaji. Watu wa Mbubujiko wakasema, huyu tukimpeleka Bungeni, hata kiziwi atatusikia.

Walikuwa na sababu moja kubwa ya kutaka kusikika. Walikuwa na chemchemi. Maji yake yalitoka chini ya mwamba, baridi hata kiangazi, na mtoto akizaliwa aliogeshwa kwa maji hayo, na mtu akifa alioshwa kwa hayo hayo. Shangazi yake Mavere, Bi Chausiku, ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na alimlea kwa kuchota maji ya chemchemi ile na kuyapeleka kichwani mpaka kwenye nyumba za watu. Utosi wake ulikuwa na kibonde cha ndoo. Kila shati la shule alilovaa Mavere lilitoka kwenye kibonde kile.

Siku ya kuomba kura, Mavere alipanda juu ya meza ya mitumba akasema, "Ndugu zangu, atakayetaka kuigusa chemchemi hii, meza yangu haitamlilia!" Watu wakashangilia. Bi Chausiku hakushangilia. Alimwangalia miguuni, maana alikuwa amepanda na viatu juu ya nguo za watu.

*

Bungeni Mavere alipanda kama unga uliotiwa hamira. Aligonga meza bajeti iliposomwa, akagonga ilipobainika kwamba iliyosomwa ni ya mwaka juzi. Aligonga Waziri alipoingia, akagonga Waziri alipotoka kwenda msalani, akagonga aliporudi salama. Kiganja chake kikawa kigumu kama kwato. Akapewa benchi la mbele, karibu na kipaza sauti cha redio ya taifa, ili wananchi waisikie demokrasia vizuri.

Lakini benchi la mbele halina usingizi. Katika nchi ile kushukiana lilikuwa zao la taifa, na lilistawi bila mbolea. Mtu akikuambia "Shikamoo," unajiuliza anataka nini. Asipokuambia, unajiuliza ameshapewa na nani. Mavere hakunywa chai aliyomiminiwa, wala hakukaa kiti kilichopanguswa. Jirani yake wa benchi, Mheshimiwa Perpetua Songoro, alikuwa na tabia ya kumwangalia mkono kila alipogonga, kuona kama unatoka moyoni. Naye Mavere alikuwa anamwangalia wa kwake.

Ndipo ukaletwa Muswada wa Kuyapumzisha Maji.

"Mheshimiwa Spika," alisema Waziri wa Maji, mtu mnene mwenye sauti ya huzuni, "maji ya nchi hii yamefanya kazi tangu uhuru. Yametiririka Jumapili. Yametiririka sikukuu. Je, kuna mtu katika ukumbi huu aliyewahi kuyaona maji yakienda likizo?"

"Hakuna!" waheshimiwa wakaitikia. "Aibu!"

"Serikali sikivu haiwezi kuendelea kuutazama utumwa huu. Tunaomba chemchemi ya Mbubujiko izungushiwe ukuta, ili maji yapumzike. Na yatapumzika wapi? Ndani ya chupa, Mheshimiwa Spika, kivulini!"

Kiwanda cha chupa kilikuwa cha mkwe wa Mkuu wa Nchi. Hilo lilitokea tu, kama mvua inavyotokea, na mimi silioni ubaya. Mwananchi atakayepatwa na kiu atanunua chupa yake kama binadamu wa kisasa.

Kwa desturi muswada ulisomwa mara mbili: mara ya kwanza kuonja, mara ya pili kumeza. Siku hiyo ya kuonja, Spika akatulia, akatega sikio. Meza zikalia pande zote kama mvua ya mawe juu ya mabati. Isipokuwa meza moja ya benchi la mbele.

Mavere alikuwa amekaa, jasho linamtoka, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Usiku jipu lilikuwa limemwota katikati ya kiganja, jipu la kweli, lenye mzizi, linalopwita mpaka kwapani. Asubuhi alijaribu kugonga meza ya chai nyumbani akaona nyota. Wa kushoto alijua kisa chake. Basi akagonga kwa moyo, akatabasamu kwa meno yote, akatikisa kichwa kwa kukubali. Lakini redio haina macho. Nchi nzima ilisikia kwamba mlio uliozoeleka wa meza yake haupo.

Muswada ulipita kuonjwa. Mheshimiwa Songoro akakivuta kiti chake pembeni, kidogo tu, kiasi cha mtu anayeogopa kurukiwa na cheche.

*

Jioni hiyo hiyo alikuja Mnadhimu wa chama, Bwana Ngwena, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba waheshimiwa wanapenda wanachotakiwa kupenda.

"Salama, Mheshimiwa?"

"Salama tu, Mnadhimu."

"Na meza yako haijambo?"

"Mnadhimu, nina jipu."

Ngwena alikiangalia kitambaa. Kisha akauliza polepole, kama anayeuliza habari za mgonjwa, "Jipu hilo ni la kwako mwenyewe, au kuna mtu nyuma yake?"

"La kwangu, haki ya Mungu! Limeota tu!"

"Limeota tu. Siku ya muswada. Kwenye mkono wa kulia." Ngwena akasimama. "Tutaliangalia."

Ikaundwa Kamati Teule ya Kuchunguza Jipu. Daktari wa kwanza akasema ni jipu. Akaulizwa ametumwa na nani. Daktari wa pili akasema inawezekana ni jipu na inawezekana si jipu. Akapongezwa kwa uzalendo. Taarifa ya Kamati ilisema hivi: "Uvimbe upo. Ni mwekundu, na nyekundu si rangi ya chama. Kichwa chake kinaelekea upande wa dirisha. Uchunguzi unaendelea."

Mavere akaanza kuogopa hata mwenyewe. Alilala akilitazama jipu na kujiuliza, je, kama kweli limetumwa? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini kikiwa kiganjani.

*

Huko Mbubujiko mambo yalikuwa tofauti kabisa. Watu walikuwa wameikumbatia redio, wakasikia ule ukimya, wakauelewa wanavyotaka. "Amekataa! Kitwana wetu amekataa!" Wanawake wakapiga vigelegele kwenye chemchemi. Wazee waliokuwa wakimwita mwizi wa kura wakaanza kukumbuka kwamba alikuwa mtoto mwenye adabu.

Bi Chausiku akapanda basi na dumu la maji ya chemchemi, akaenda mji mkuu.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Mavere mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Leo nakuitikia mara mbili. Marahaba."

Mavere akatamani ardhi ipasuke. Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amemwangalia namna ile, kwa furaha isiyo na jambo lililofichwa ndani yake. Alitaka kusema kweli, na alitaka pia sifa, na sifa ilikuwa karibu zaidi.

"Hebu nione huo mkono," Bi Chausiku akasema. Akakifungua kitambaa kabla hajazuiwa. Akaliangalia jipu. Akamwangalia mwenye jipu. "Kumbe una jipu kweli."

"Shangazi..."

"Basi hukukataa. Uliumwa."

"Ningekataa tu, Shangazi! Jipu limenikuta nimeshakataa moyoni!"

Bi Chausiku alilivuta dumu. Alimimina maji ya dumu kwenye beseni, akautia mkono wa mpwa wake, akauosha taratibu kama anaosha mtoto. Alifanya hivyo asubuhi na jioni, pamoja na majani aliyokuja nayo kwenye ncha ya kanga. Jipu likaiva, likapasuka, likatoa mzizi wake, kiganja kikafunga. Ngozi mpya ilikuwa laini, ile kwato yote imebanduka.

"Sasa nisikilize," alisema siku ya kuondoka. "Mkono huu umeponywa na maji yale yale unayotakiwa kuyauza. Kunyamaza mgonjwa si kunyamaza. Siku ya kumeza nitakuja, nitakaa kule juu wanakokaa wageni. Nyamaza ukiwa mzima, ndipo nitajua nimelea mtu."

"Nitanyamaza, Shangazi. Nakuapia."

"Usiniapie. Nyamaza tu."

*

Alipoondoka, Mavere aliufunga tena mkono uliopona. Si uongo, alijiambia, ni tahadhari. Mgonjwa anaulizwa maswali machache kuliko mtu mzima.

Lakini Mkuu wa Nchi alikuwa hajauliza la kwake. Akamwita Ikulu.

"Mavere," Mkuu alisema bila kumkaribisha kiti, "watu wananiambia nikushuku. Mimi sishuku mtu. Mimi nasikiliza tu."

"Ndiyo, Mtukufu."

"Siku ya muswada nitakuwa na redio yangu hapa. Meza zenu zote nazijua kwa mlio, kama mchungaji anavyojua mbuzi wake kwa kengele. Ya kwako nimeikosa." Akatoa kwenye mtoto wa meza bandeji ya hariri, yenye nembo ya taifa, akamfunga kwa mkono wake mwenyewe. Vidole vyake vilikawia kidogo pale palipokuwa na jipu, vikabonyeza. Mavere alisahau kupiga kelele. Mkuu akatabasamu. "Naona unaendelea vizuri. Hii ni zawadi. Ukipona, itie kwenye fremu. Waziri wa Maji naye amechoka, maskini. Anahitaji kupumzika kama maji yake."

Mavere akatoka kwa mlango wa mbele, bandeji ya hariri inameta. Waandishi wa habari walikuwa wanangoja. Kesho yake picha ilijaa ukurasa mzima wa gazeti la serikali: "Mkuu Amfunga Mavere Bandeji."

Sasa sikieni jambo ambalo lingeweza kutokea katika nchi ile tu. Mheshimiwa Songoro aliikodolea macho ile picha mpaka chai ikapoa. Akasema moyoni, huyu Mavere si mjinga. Hakugonga, wala hakufukuzwa. Amekwenda Ikulu, ametoka na bandeji, na amefungwa na Mkuu mwenyewe! Maana yake Mkuu hautaki muswada huu. Anatupima. Anataka kuona nani atagonga kama kasuku.

Hakumwambia mtu. Alikwenda kimya kimya duka la dawa kununua bandeji, akakutana na mheshimiwa mwenzake anatoka, ameficha kitu ndani ya koti. Wakasalimiana kwa uchangamfu mkubwa, kila mmoja akajua. Mpaka mwisho wa juma hapakuwa na bandeji mji mzima, na waliovunjika kweli walifungwa kwa mifuko ya sandarusi.

*

Siku ya kumeza ikafika.

Ndani ya gari, Mavere aliivua bandeji ya hariri akaitia mfukoni. Alijiambia anaivua ili shangazi yake auone mkono mzima ukinyamaza. Hiyo ilikuwa sababu nzuri, na aliishikilia kwa nguvu ili asione kama kuna nyingine nyuma yake.

Akaingia ukumbini, akasimama kama aliyekanyaga msumari. Waheshimiwa wote walikuwa na bandeji. Benchi la mbele bandeji, benchi la nyuma bandeji, upinzani bandeji. Waziri wa Maji mwenyewe, mwenye muswada, alikuwa amefunga mpaka kwenye kiwiko. Spika alikuwa ameshika rungu lake kwa vidole viwili vilivyochomoza kwenye pamba.

Mwenye mkono mtupu alikuwa Mavere peke yake.

"Pole, Mheshimiwa," alimnong'oneza Mheshimiwa Songoro.

"Pole na wewe. Ni nini?"

"Jipu," akasema, na akamwangalia mkono wake mtupu kwa mshangao, kisha kwa woga.

Mavere akaketi. Kwa nini wote? Nani amewaambia? Na kwa nini yeye hakuambiwa? Wamepanga, alijiambia. Wamepanga kunyamaza halafu waseme, ni Mavere aliyeanza, yeye ndiye kiongozi wetu. Watakuwa wagonjwa wote, na yeye ndiye atakuwa mzima aliyekataa.

Waziri akausoma muswada kwa sauti ya mtu anayesoma wosia wake. Spika akatega sikio.

Kimya.

Bunge lile halikuwahi kuwa na kimya. Ungeweza kusikia feni. Ungeweza kumsikia mheshimiwa mmoja nyuma akimeza mate. Kipaza sauti cha redio kilikuwa kimemwinamia Mavere kama sikio la mtu, na mwisho wa waya ule alikuwepo Mkuu, anangoja kengele ya mbuzi wake.

"Nauliza tena," Spika akasema, "je, Bunge linakubali?"

Mavere akainua macho. Bi Chausiku alikuwa kule juu, kanga yake mpya kichwani, amekaa ukingoni mwa kiti. Hakuwa anautazama uso wake, alikuwa anautazama mkono, ule mkono mzima, mtupu, umetulia juu ya paja. Na alikuwa anatabasamu. Mavere alimpenda mama yule kuliko kitu chochote duniani, na alijua wakati ule kwamba hakuombwa jambo kubwa. Hakuombwa hotuba, hakuombwa ushujaa. Aliombwa asifanye kitu, tena pumzi chache tu, na muswada ungekufa mbele ya macho ya wote, na maji yangebaki.

Lakini woga uliokuzwa miaka mingi hauishi kichwani, unaishi mkononi. Mkono ukanyanyuka wenyewe, ukaanguka.

Pwaa!

Mlio ule ule wa gulioni. Nchi nzima iliusikia, na wale wa Mbubujiko waliufahamu kabla ya wengine.

Mheshimiwa Songoro akageuka, akaiona meza ya Mavere imelia, akaelewa kwamba ameelewa vibaya. Akaichana bandeji kwa meno. Ukumbi mzima ukafuata, bandeji zikaruka kama nguo zilizoanuliwa na upepo, meza zikalia, Waziri wa Maji akigonga kwa kiwiko huku analia machozi ya uzalendo. Hazikuhitajika. Kanuni ilisema hata meza moja yatosha.

"Umepita!" Spika akasema.

Mavere alipoinua macho tena, kile kiti cha juu kilikuwa kitupu.

*

Akafanywa Waziri wa Mapumziko ya Maji. Alistahili, na mimi sina neno. Ukuta ulipokamilika akaenda Mbubujiko kuuzindua, Mnadhimu Ngwena pembeni yake, bendi nyuma yake, na mbele yake meza yenye kitambaa cheupe na chupa moja ya maji yenye picha ya chemchemi.

Watu wote wa Mbubujiko walikuja, wamesimama juani kwa utulivu. Mavere alifurahi kuuona umati ule. Alizungumza vizuri. Alisema maji sasa yana heshima. Alisema chupa ni nyumba. Kisha akanyamaza, akatabasamu, kama mtu anayewapa watu nafasi ya kupiga makofi.

Hakuna aliyepiga. Ndipo akatazama vizuri. Kila mtu alikuwa amefunga mkono wa kulia: kwa kitambaa, kwa kipande cha kanga, kwa jani la mgomba. Wazee, kina mama, mpaka mtoto mgongoni mwa mama yake.

Bi Chausiku alikuwa mstari wa mbele. Mavere akashuka jukwaani, akamnyooshea mkono.

"Shikamoo, Shangazi."

Akangoja. Ile "marahaba" haikuja. Bi Chausiku aliutazama mkono ule laini, ulionyooshwa, alioujua kila mstari wake.

"Siwezi kukupa mkono, Mheshimiwa," akasema. "Nina jipu."

Hakuwa amewahi kumwita Mheshimiwa. Mavere akabaki na mkono hewani, hajui aurudishe wapi, na koo limemkauka, na maji yaliyokuwa karibu ni yale ya chupa.

Nyuma yake akasikia hatua. Alikuwa Mnadhimu Ngwena, anautazama umati, kisha anamtazama yeye, na sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Mheshimiwa Waziri, majipu haya ni ya kwao wenyewe, au kuna mtu nyuma yake?"

Mavere akatia mkono mfukoni, akapapasa akiitafuta ile bandeji ya hariri. Alikumbuka kwamba ameitia kwenye fremu.

Nami hadithi yangu nimeifikisha hapa, siijui ya mbele. Anayetaka kunipigia makofi na apige. Mwenye jipu, nitamwelewa.